Turubai Lenye Matundu

Tuelewane mapema, kabla hujakaa vizuri: fundi wa bembea hakuwahi kulia mbele ya mtu. Hakulia chuma cha ubao wa kuteleza kilipomwangukia kidole cha mguu, hakulia alipofeli hesabu mara mbili mfululizo, na hakulia Jumamosi ile ambayo mtaa mzima bado unaizungumzia. Nalisema hili kifua mbele, maana yule kijana namjua kuliko mtu yeyote, na sina sababu ya kumpendelea.

Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti. Mtaani aliitwa Grisi, kwa ajili ya kopo la grisi lililokuwa likining'inia kiunoni mwake kama watu wengine wanavyoning'iniza funguo. Kazi yake ilikuwa bustani ya mtaa: bembea sita, ubao wa kuteleza, mabenchi kumi na mawili na geti linalolia kama mbuzi. Kila Jumamosi, kabla geti halijafunguliwa, alikaa mwenyewe juu ya kila bembea, akafumba macho, akajirusha mara kumi huku akisikiliza. Mnyororo mzima huimba. Ulioliwa hukohoa. Ukikohoa anaushusha, anatundika turubai lake kuukuu, pana kupita kiasi, kati ya miti miwili kama pazia, anaingia nyuma yake na mashine ya kuchomelea.

Na alikuwa na mdomo, huyo kijana. Alimchekesha muuza magazeti, alimchekesha mlinzi, aliwahi kumchekesha mtu aliyekuwa aking'olewa jino. Alijisifu kwamba hakuna jambo chini ya jua litakaloweza kumnyamazisha. Chini ya jua, ndivyo alivyosema. Jua lilikuwa linasikiliza.

Mpima macho aliingia bustanini wiki ya kwanza ya likizo, miezi ile ya joto ambayo shule zimefungwa na kila mama anatafuta mahali pa kuwapeleka watoto kabla hawajambomolea nyumba. Alitundika bango lake la herufi kwenye mti, akaweka kiti, akaanza kuwapima watoto mmoja mmoja bila malipo. Kelele za mashine ya Grisi zikamshinda. Akavumilia, akavumilia, mwisho akalizunguka turubai na koti lake jeupe, akamkuta fundi kachuchumaa na ngao ya chuma usoni.

"Fundi, kwa nini umejificha huku?"

"Sijajificha, Dakta. Nimewaficha wao. Mtoto akiuona huu mwanga hawezi kuacha kuutazama."

Dada wa watu alikuwa amekuja na maneno makali yaliyopangwa vizuri, na yote yakamwishia. Alilitazama turubai, akamtazama yule mtu aliyeinua ngao yake ya chuma, uso umejaa jasho na masizi. Alimtazama kidogo kupita muda ambao mgeni humtazama mgeni. Grisi akausikia moyo wake ukikohoa kama mnyororo ulioliwa, na kwa kuwa hakujua la kufanya na kitu kama hicho, akaharibu.

"Halafu uso wangu nao una mwanga wake. Sitaki kesi na wazazi."

Mpima macho akacheka bila kupenda, akamwingiza fundi kwenye orodha ya wagonjwa. Jioni ile alimpima. Grisi alisoma mistari mitano ya bango, wa sita akadai si herufi, ni siafu wanahama. Akaambiwa anahitaji miwani. Alikwenda kliniki mara nne kuchagua fremu, na mara zote nne fremu zilikuwa zilezile.

Kwa hiyo wakapendana. Nikisema hivyo inaonekana rahisi, na sehemu hiyo kweli ilikuwa rahisi. Ugumu ulikuwa na geti jekundu, na ndani ya geti jekundu alikuwamo mama.

Mama yake mpima macho alifundisha hesabu miaka thelathini, na watu wazima wenye ndevu walimwita Mama Rula na bado walinyoosha migongo anapopita. Sebuleni kwake kulikuwa na saa ya ukutani iliyotangulizwa dakika tano makusudi, ili mtu akidhani amewahi ajue amewahi kidogo tu. Grisi alikaribishwa humo Jumapili moja akiwa na shati la bluu lililopigwa pasi mara mbili. Alikaa ukingoni mwa kochi. Katika dakika kumi za kwanza alitoa mizaha mitatu. Bibi, mama wa marehemu baba yake mpima macho, alicheka hadi akapaliwa na chai, akamwita "mume wangu" na kutaka kujua alikuwa wapi siku zote hizo. Mama Rula hakucheka. Alimtuma binti yake jikoni kutafuta kijiko ambacho kilikuwa tayari mezani.

"Kijana, mimi sikuchukii," akasema.

"Ahsante, mama."

"Usishukuru, sijamaliza. Nyumba hii imeshawahi kuwa na mchekeshaji. Baba wa huyu binti. Alinichekesha miaka ishirini na miwili. Alinichekesha asubuhi aliyoanza kukohoa. Alinichekesha ndani ya gari, tukienda hospitali. Daktari ananiambia zimebaki wiki mbili, mimi bado nina tabasamu la mzaha wake mdomoni." Alinyoosha kitambaa cha meza kilichokuwa tayari kimenyooka. "Mtu anayechekesha kila saa humjui anapoumia. Sitaki mwanangu aishi na mtu asiyesomeka. Kusoma macho ya watu ni kazi yake ya mchana. Akirudi nyumbani apumzike."

Bibi alitazama dirishani. Marehemu alikuwa mwanawe.

Mama Rula akaeleza sharti lake taratibu, kama anayeandika ubaoni. Jumamosi ijayo jua lingepatwa na mwezi mchana, karibu lote lingefunikwa, na binti yake alikuwa ameualika mtaa mzima bustanini. Grisi akae nao kwenye shuka lao tangu saa nne hadi saa tisa, aseme lolote analotaka, ila mzaha hata mmoja asitoe. Akiweza, wataendelea kuzungumza. Akishindwa, asigonge tena geti jekundu.

"Saa tano tu, mama?" Grisi akasema. "Hata wiki naweza."

Mpima macho alimsindikiza hadi getini. Alikuwa amesikia kila kitu, jikoni hakuna mlango. Grisi akaanza kumwambia asijali, wakishindwa huku kuna njia nyingine, watu wanapendana kimyakimya miaka na miaka. Binti akamkatiza.

"Nisikilize vizuri. Mimi nitatoka kwetu kwa mlango wa mbele, mama akiwa amesimama kizingitini ananipungia mkono. Au sitoki. Ameshazikwa mmoja katika nyumba hii bila yeye kujua alikuwa anaumwa. Simwongezei siri nyingine."

"Na asipokupungia mkono?"

"Basi nitabaki," akasema, na macho yake yakajaa, macho yale yaliyozoea kutazama ya wenzake. "Kwa hiyo Jumamosi funga mdomo, Grisi. Nakuomba."

Wiki nzima mpima macho alipita nyumba hadi nyumba na onyo lake: mtu yeyote asilitazame jua, hata likiwa limebaki kipande, hata kwa miwani ya jua, hata kwa kuchungulia kati ya vidole. Grisi alimbebea maboksi ya viatu, kwa hiyo onyo lile alilisikia mara kama sitini. Kila boksi lilitobolewa tundu moja la sindano. Ukilipa jua mgongo, jua linapenya tunduni na kujichora lenyewe ndani ya boksi, dogo, salama. Maboksi arobaini. Mpima macho alijitoboa vidole mara tatu kwa kazi hiyo.

Grisi hakusikia habari za boksi. Alisikia onyo. Mtu aliyeishi miaka mitano akiwaficha watoto mwanga hawezi kusikia neno "msitazame" akakaa bila kufanya kitu. Ijumaa jioni alipanda miti minne mirefu ya katikati ya bustani, na asubuhi, watu walipoanza kuingia na mikeka yao, vikapu, chupa za chai na watoto wenye kofia, wakakuta uwanja wote wa nyasi umefunikwa na turubai lililotundikwa juu kama dari, limevutwa kwa kamba kumi na sita. Wakamshukuru sana, kwa sababu joto lilikuwa joto kweli. Wakatandika chini yake. Vichanga vikalala.

Mpima macho alifika na maboksi yake arobaini kwenye toroli, akasimama.

"Umefanya nini?"

"Nimewafunika," akasema Grisi, kwa furaha ya mtu anayengojea kupongezwa. "Hakuna atakayelitazama hata kwa bahati mbaya."

"Watu wamekuja kuona jua. Wewe umelifunika."

"Ulisema wasilitazame."

"Nilisema wasilitazame kwa macho matupu." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo mbaya. "Nimekuambia mara ngapi habari ya maboksi? Ulikuwa unanisikiliza, au ulikuwa unaniangalia tu?"

Jibu lilikuja lenyewe ulimini, tamu, la moto, limeiva. Mimi ninalijua, lakini sitalisema hapa. Saa ilikuwa nne na dakika mbili. Grisi akalimeza, na likamkwaruza koo likishuka. Alisema ataliteremsha mara moja. Akaenda kwenye kamba ya kwanza, akakuta mama anayenyonyesha mapacha ameegemea mti uleule uliofungiwa kamba. Akaenda ya pili, akakuta babu kalala. Ndipo Mama Rula, aliyekuwa amefika zamani na kuchagua mahali pa katikati kabisa, aliponyoosha mkono.

"Liache. Watu wameshakaa. Wanaotaka kuona watatoka nje na maboksi." Aliangalia juu. "Lenyewe limetoboka kama chujio."

Ilikuwa kweli. Turubai lilikuwa na ndui. Lilijaa vitundu vidogo vya kila umbo, na kupitia humo jua lilidondosha madoa ya mwanga juu ya nyasi, juu ya mikate, juu ya vichwa vya watu. Hakuna aliyeyajali. Nani anajali madoa ya mwanga chini ya kitu kilichotoboka?

Mama Rula alitandika shuka jeupe, akaweka saa ndogo ya mezani katikati, kati ya mkate na mayai ya kuchemsha, na mateso yakaanza. Bibi, ambaye hakupendezwa na sharti lile hata kidogo, alimtega Grisi kwa kila njia. Alimsimulia ndoto aliyoota amechaguliwa kuwa refa. Alimwomba amfafanulie kwa nini upara hauoti mvi. Mzee mmoja jirani alikaa juu ya kiti cha kukunja, nacho kikajikunja naye ndani, akabaki magoti masikioni, akiwaamuru watu wasimcheke. Grisi alijiuma mdomo hadi ukabadilika rangi. Mpima macho, akipita na maboksi, aliona jasho linavyomtiririka, na hasira zake zikapungua kidogo kwa huruma. Aliweka mkono begani mwake, sekunde moja tu. Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Nje, watoto wenye maboksi walianza kuitana kwamba jua limeng'atwa.

Sasa, Mama Rula alikuwa na mayai saba na watu wanne. Mtu mwingine angempa kila mmoja lake na kuacha matatu yajipangie. Mama Rula alichukua kisu. Alilaza yai, akalizungusha, akalipima kwa jicho, akaligeuza tena, akatafuta katikati yake kwa ncha ya kisu, na uso wake ulikuwa mzito kama wa mtu anayegawa urithi.

"Mama," Grisi akasema, na Mungu ni shahidi kwamba maneno yalitoka yenyewe, "hilo nikuletee bikari, au rula inatosha?"

Bibi alilala chali kwa kicheko.

Mama Rula akaweka kisu chini. Akaitazama saa. "Saa sita na dakika kumi na nane," akasema, bila hasira, kama mtu anayesahihisha daftari la mwanafunzi aliyemtumainia. Akaanza kukusanya vikombe. Alimwambia mama mkwe wake ainuke, wakunje shuka, joto limezidi.

Grisi alimtafuta mpima macho kwa macho, akamwona amesimama ukingoni mwa shuka na boksi tupu mkononi. Hakumlaumu. Hilo lingekuwa nafuu. Alimtazama kama mtu anavyotazama nyumba ambayo angependa kuishi ndani yake, gari likiwa tayari limewashwa. Kisha akapiga magoti, kwa sababu mama yake alikuwa amevuta pembe moja ya shuka, akanyoosha mkono kuondoa mkate.

Mkono ukabaki hewani.

"Mama, usikunje."

"Binti, tulikubaliana."

"Mama, tafadhali. Angalia shuka."

Madoa ya mwanga yalikuwa yameliwa. Juu ya shuka jeupe, kila moja, dogo kama kifuniko cha chupa ya soda, lilikuwa na pengo upande mmoja, upande uleule, kana kwamba mdomo mmoja umepita ukiyaonja yote. Si kumi. Si hamsini. Yalitapakaa shuka zima, yakapanda juu ya vikombe, yakajipinda juu ya mkate, yakaendelea kwenye mkeka wa jirani na wa jirani yake, hadi mwisho wa kivuli. Turubai lile halikuwa dari. Lilikuwa boksi moja la viatu, kubwa kuliko uwanja, na mtaa mzima ulikuwa umekaa ndani yake.

"Ni jua," mpima macho akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Kila tundu limeshusha jua lake."

Neno lilitembea kutoka mkeka hadi mkeka, na kila lilikofika kelele zilikatika. Walioko nje wakaweka maboksi chini, wakaingia wakinyata. Hakuna aliyewaambia wavue viatu, wakavua. Kwa saa nzima watu mia tatu walikaa bila kuinua sauti, wakitazama jua likiisha juu ya magoti yao wenyewe. Pengo likakua. Duara likawa kipande cha tikiti, kipande kikawa kucha, na zilikuwa kucha elfu, zote zimeelekea upande mmoja, zikitetemeka kidogo turubai lilipopumua. Joto likashuka ghafla, nywele za mikono zikasimama. Rangi za vitu zikapauka, zikawa kama za picha ya zamani. Ndege wakanyamaza, wakidhani wamekosea saa. Kichanga kimoja kilikuwa kimelala na majua kumi na moja usoni, na mama yake aliogopa hata kumfuta udenda.

Bibi alikuwa na ukungu machoni, angani hakuwa ameona kitu miaka mingi. Lakini kwenye shuka jeupe aliona. Alikikinga kiganja, jua moja likakaa ndani. Akafumba ngumi ili alishike, nalo likapanda juu ya vifundo vya vidole, likakaa pale. Akafungua, likarudi kiganjani. Alirudia hivyo mara nyingi, na bibi yule, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, hakusema lolote isipokuwa jina la marehemu mwanawe, mara moja, kwa upole, kama anayemwita aje aone.

Na Grisi? Grisi alinyamaza. Hakuna aliyemnyamazisha. Alikuwa ametazama juu, kwenye turubai lake, akatazama chini, akatazama juu tena, na maneno yote aliyowahi kuwa nayo yalikuwa yamemtoka mifukoni.

Mama Rula alikuwa bado ameshika pembe ya shuka. Midomo yake ilicheza, alikuwa akihesabu. Alifika mia moja na arobaini, akapotea, akaanza upya, akaacha. Mtaani kwetu hatujawahi kusikia kwamba aliacha hesabu katikati, si kabla ya siku ile wala baada yake.

"Haya matundu," akauliza, "nani aliyatoboa?"

"Cheche, mama," Grisi akasema. Sauti yake haikuwa ya Grisi. "Nikichomelea bembea nalitundika mbele yangu, watoto wasiuone mwanga. Cheche zinaruka, zinalichoma. Kila tundu ni siku ya kazi. Hilo pale kubwa ni mnyororo wa bembea ya tatu, uliokatika mwaka juzi. Yale yaliyopangana ni ubao wa kuteleza, ulinichukua wiki nzima. Nilidhani limeharibika, mama. Nilitaka kulitupa. Miaka mitano niko nyuma ya hilo pazia na hakuna anayeniona, nami sikujua kama kuna kitu nakitengeneza."

Mpima macho aliketi karibu naye, goti kwa goti, mbele ya mama yake na mtaa wote. Akatwaa mkono wake wenye makovu madogo meupe ya cheche, akaulaza juu ya shuka, kiganja juu, na majua matatu membamba yakatua ndani yake. Akaweka wake juu, yakahamia kwake.

"Nilitoboa arobaini," akamnong'oneza, "nikajiona nimefanya kazi."

Angeweza kumjibu kitu cha kuchekesha. Nafasi ilikuwepo. Badala yake alimgeukia mama.

"Nimeshindwa sharti lako. Saa sita na dakika kumi na nane, ni kweli, sibishi. Ila naomba niseme hili kabla sijaondoka, na huu si mzaha. Sijui Jumatatu nitapita vipi mbele ya kliniki. Sijui nitafanya nini. Naogopa sana, mama."

Ni hapo ndipo vumbi lilipomwingia machoni. Nasema vumbi. Watu wa mtaa ule wana mdomo, watakuambia mabega yalikuwa yakimtikisika na kwamba mzee wa kiti cha kukunja alimpa leso. Uwanja una nyasi, nyasi zina vumbi, kila mtu anajua.

Jua lilikuwa limeanza kurudi. Kucha zilikuwa zikinenepa, joto likatua tena mabegani mwa watu kama shali. Mtu mmoja alishusha pumzi, na uwanja wote ukashusha naye. Ndege wa kwanza akajaribu sauti. Mama Rula akaachia pembe ya shuka. Akailaza chini, akaipapasa hadi ikanyooka, akachukua kisu na kumaliza kulikata yai lake katikati kabisa, akampa Grisi nusu.

"Kesho uje," akasema. "Saa kumi. Kwa saa ya kwangu."

"Mlango gani, mama?" akauliza binti.

"Nyumba ina mlango mmoja wa wageni. Nitakuwa nimesimama pale."

Ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo nilivyowasimulia watoto wa ndugu jana, palepale bustanini, chini ya turubai lilelile, huku bibi na mama mkwe wangu wamejilaza pembeni na vitambaa usoni kwa ajili ya nzi. Nilikuwa nimeshafika mwisho salama. Nikaongeza tu, ili watoto wasichanganywe na maneno ya watu, kwamba yule fundi hakulia, ni vumbi.

Kitambaa kimoja kikasogea.

"Vumbi lilipita wapi," akasema Mama Rula, macho bado amefumba, "na ulikuwa umevaa miwani?"

Watoto wote wakanigeukia. Mke wangu, aliyekuwa akimpima macho mtoto wa jirani kwenye bango lake la mtini, aliinamisha kichwa, na koti lake jeupe likaanza kutikisika kwa kicheko.

"Watu wote walikuwa wanatazama jua," mama akaendelea, taratibu, kama anayeandika ubaoni. "Mimi nilikuwa nakutazama wewe. Ulilia tangu kucha ya kwanza hadi ndege walipoimba. Ningekosa kuona vile, ningemaliza kukunja shuka."

Akarudisha kitambaa usoni.

Nilivua miwani, nikaifuta vumbi.